Laki sita na nusu, mwanachuo wa uhandisi: laptopu mpya ya ofa ya sikukuu au mtumba wa ofisini?

Mama Kihesa

Kamwene wakuu. Kijana wangu yuko MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, pale Iyunga, mwaka wa kwanza, uhandisi ujenzi. Hadi sasa anaazima mashine ya mwenzake, anakaa nayo usiku mwenyewe akilala. Nimejipanga na laki sita na nusu, nikijikamua sana inafika laki saba. Sina nyingine nyuma yake, ndiyo maana naomba nisaidiwe kabla hela haijatoka mkononi.

Hapa Iringa mjini kuna duka limebandika tangazo la ofa ya Krismasi: laptopu mpya, iko kwenye boksi lake, inchi 14, prosesa ya Celeron N4020, RAM 4GB, hifadhi 64GB, Windows 11. Bei ilikuwa 750,000, wameikata kwa wino mwekundu, sasa 590,000 na begi juu. Kijana naye ameona Mwanjelwa, huko huko Mbeya, HP EliteBook 840 G3 ya mtumba, prosesa ya Core i5, RAM 8GB, hifadhi ya SSD 256GB, kwa 480,000. Wa tatu ni muuzaji wa Kariakoo niliyempata mtandaoni, ana Lenovo ThinkPad T480, i5, RAM 8GB, SSD 256GB, 680,000, atatuma kwa basi. Na mdogo wangu aliyeko Marekani anasema nitulie, kule kuna Black Friday, atanitafutia Chromebook, laptopu ya mfumo wa Google badala ya Windows, kwa bei ya kutupa.

Roho yangu inapenda ile mpya maana haijaguswa na mtu. Kijana hataki hata kuisikia. Nawasilisha.

Fundi wa Mwanjelwa

Shikamoo mama. Mimi siuzi laptopu, nazitengeneza, kwa hiyo nitasema ninachokiona mezani.

Hiyo ya ofa, mama, iache. Celeron N4020 ilitoka mwishoni mwa 2019 na ina kori 2 tu, yaani viini vya kufanyia kazi. Lakini prosesa siyo tatizo kubwa. Tatizo ni hizo namba mbili nyingine. Microsoft wanasema ili Windows 11 ikubali kuingia, mashine iwe na RAM isiyopungua 4GB na hifadhi isiyopungua 64GB. Soma hilo tangazo tena: 4 na 64. Yaani mnauziwa kiwango cha chini kabisa cha kuwasha, bado kufanya kazi. Windows yenyewe ikishakaa, na masasisho yake, na Word, nafasi inayobaki kijana ataijaza kwa notisi na video za masomo kabla muhula haujaisha. Baada ya hapo kila sasisho likija linagoma kwa kukosa nafasi.

Halafu kuna jambo ambalo tangazo halisemi. Hizo 64GB kwa kawaida siyo SSD, ni eMMC, kijidude kilichochomelewa moja kwa moja kwenye bodi, na RAM mara nyingi nayo ni hivyo hivyo. Mteja akiniletea anataka kuongeza, namfungulia mfuniko wa chini aone mwenyewe: hakuna tundu la RAM, hakuna sehemu ya kuchomeka SSD, bodi ndogo tu kama ya simu, na pembeni betri. Sina cha kumfanyia. Ukifungua EliteBook 840 unakuta nafasi mbili za RAM zimepangana, na SSD imeshikwa kwa skrubu moja. Leo ana 8GB, mwakani akipata hela anapachika nyingine 8.

Na bei iliyokatwa kwa wino isikutishe. Uliza bei ya mashine hiyo hiyo maduka mawili mengine ndipo ujue kama kweli imeshuka.

Mwanachuo Iyunga

Mama shikamoo, mimi niko mwaka wa tatu, fani hiyo hiyo. Mwaka wa kwanza mtu anaweza kuishi na Word na Excel. Kazi inaanza AutoCAD, programu ya michoro ya kihandisi, ikiingia. Autodesk wanaoitengeneza wanawapa wanafunzi bure, unathibitisha kuwa unasoma na unahuisha kila mwaka, ila wanataka RAM 8GB kwa uchache na wanapendekeza zaidi ya hapo. Kwenye 4GB utaona kishale cha mausi kinaruka, unachora mstari unatokea baadaye. Ukiwa na mchoro wa nyumba ya vyumba vitatu na PDF ya mhadhara imefunguliwa pembeni, mashine inasimama.

Kwa hiyo kijana ana sababu, siyo ubishi.

Mwalimu wa Mafinga

Naomba nisimame upande wa mashine mpya kidogo, maana naona inapigwa mawe na kila mtu. Mimi nina ya aina hiyo hiyo, 4GB na 64GB. Naandaa maazimio ya kazi, naandika mitihani, najaza alama kwenye Excel. Haina feni, haipigi kelele, ni nyepesi, na inakula umeme kidogo kiasi kwamba siku umeme ukikatika naichaji kwa sola ya nyumbani. Faili zangu zote ziko kwenye kadi ya kumbukumbu niliyoichomeka pembeni. Kwa mwalimu, kwa karani, kwa mtu wa kuandika na kutuma barua pepe, ni mashine halali, na waranti ya duka ni kitu cha maana. Mtumba wenu ukizima nani atawajibika?

Ila kwa mhandisi, hapana, hapo nakubaliana na fundi. Na kama mama anataka mpya kwa lazima, atafute yenye prosesa ya N100, hiyo ni ya 2023 na ina kori 4, iwe na RAM 8GB na SSD, siyo eMMC. Bei itapanda, lakini angalau ni mashine. Kingine: hizi mpya za bei ndogo nyingine zinakuja na Windows ya "S", inakataa programu yoyote isiyotoka kwenye duka la Microsoft. Kuitoa ni bure, inafanyika kwenye mipangilio, ila ukishaitoa hairudi. Watu hurudisha mashine dukani wakidhani ni mbovu.

Tunduma Mpakani

Hakuna aliyegusa umri wa 840 G3, na hapo ndipo pana mtego. Ile ni i5 ya kizazi cha 6, prosesa ya 2015. Windows 10 ilikoma kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inakubali Intel kuanzia kizazi cha 8. Kwa hiyo karibu kila mashine ya kizazi cha 6 na cha 7 imeachwa nje ya mlango, na kwa maoni yangu ndiyo maana ofisi za nje zinazimwaga na sokoni zimekuwa rahisi hivi. Bei ya 480,000 siyo zawadi.

Wauzaji wanaweka Windows 11 humo kwa njia za kuzunguka. Inawaka, inafanya kazi, lakini Microsoft hawaahidi kuendelea kuipa masasisho. Kwa mtu atakayeweka Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, G3 ni nzuri tu. Mwenye AutoCAD hawezi kwenda huko, maana haiingii kwenye Linux.

Ruka hadi kizazi cha 8. T480 kama ya Kariakoo kwa kawaida ni kizazi hicho, na ndugu yake kwa upande wa HP ni EliteBook 840 G5. Zote mbili ni za 2018, na i5 zake za kizazi cha 8 zina kori 4 badala ya 2 za G3. Namna ya kutambua: angalia namba baada ya i5. Ikianza na 6, kama 6300U, ni cha 6. Ikiwa 8250U au 8350U, ni cha 8. Usikubali kuambiwa "ni i5" basi, hiyo ni nusu ya sentensi.

Binti Tukuyu

Kuhusu Marekani. Black Friday ni Ijumaa inayofuata sikukuu yao ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, na kweli bei zinashuka. Lakini laptopu za chini ya dola 200 zinazotangazwa sana kule nyingi ni hizi hizi: Celeron, 4GB, eMMC. Mama atakuwa amesubiri, amelipia usafirishaji, na amepata kitu kile kile alichokiona dirishani Iringa. Waranti nayo inabaki kule kule.

Chromebook naipenda, mdogo wangu wa sekondari anayo. Inawaka upesi, haisumbui na virusi, betri inakaa. Google mwaka 2023 walitangaza masasisho kwa miaka 10, ila miaka hiyo inahesabiwa tangu aina ya mashine ilipotoka, siyo siku unayonunua, kwa hiyo ya ofa inaweza kuwa imeshakula nusu. Na AutoCAD ya Windows haiingii humo. Kazi nyingi za Chromebook zinataka intaneti, maana yake bando kila siku.

Huku kwetu tangu Jumia wafunge Tanzania mwaka 2019 hakuna soko moja kubwa la mtandaoni ambalo ukifika Novemba unalinganisha bei zote sehemu moja. Ofa ni za duka kwa duka na kurasa za Instagram. Inabidi miguu itembee.

Mama Kihesa

Asanteni wanangu, nimewaelewa. Ile mpya nimeiondoa moyoni, Chromebook nayo mdogo wangu nimemwambia aiache. Sasa T480. Muuzaji wa Kariakoo anataka nimtumie hela yote kwa simu kwanza, ndipo apakie kwenye basi la asubuhi. Na kijana ataijuaje kama mtumba ni mzima?

Fundi wa Mwanjelwa

Mama, usitume. Sisemi huyo ni tapeli, simjui. Nasema mtumba unanunuliwa kwa macho na vidole. Ikifika Iyunga ikiwa na kasoro, nauli ya kuirudisha Dar ni yako na maneno ni mengi. T480 na 840 G5 zinapatikana hapa hapa Mbeya, Mwanjelwa na Kabwe, kijana apande daladala ashuke mwenyewe.

Akifika aombe dakika za kutosha, muuzaji mwenye haraka amuache. Kitu cha kwanza ni betri. Afungue lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt), aandike powercfg /batteryreport, itatengeneza ripoti. Humo kuna namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa ikijaa. Kwa 840 G5 ya kiwandani ni kama 50,000 mWh. Ya sasa ikiwa 40,000 na kitu, nunua. Ikiwa 22,000, hesabu bei ya betri mpya na uiondoe kwenye bei ya mashine palepale. T480 huwa na betri mbili, ya ndani na ya nje inayochomoka, kwa hiyo ripoti itaonyesha mbili. Nimeona nyingi ya ndani ni nzima na ya nje imekufa.

Pili, kufuli. Hizi ni mashine za makampuni. Azime, awashe huku akibonyeza F10 kwa HP au F1 kwa Lenovo, aingie kwenye mipangilio ya ndani ya mashine (BIOS). Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, aondoke. Halafu aunganishe intaneti ya simu yake na aombe Windows iwekwe upya mbele yake. Kama bado imesajiliwa na kampuni ya zamani, hapo ndipo itataja jina la kampuni na kudai akaunti ya kazi. Muuzaji akikataa kuiweka upya, jibu limepatikana.

Baada ya hapo ni vya kawaida: kila herufi ya kibodi, kamera, spika, Wi-Fi, kila tundu la USB. Kwenye T480 achaji kwa USB-C, ile ya pembeni kushoto. Lenovo walishatoa sasisho la programu ya ndani kwa sababu ya tatizo la Thunderbolt, chipu inayoendesha matundu hayo, na ambayo haikusasishwa inaweza kugoma kuchaji. Kioo akiangalie kikiwa cheupe chote, doa linaonekana.

Njombe Baridi

Naongeza moja. Risiti. Idai ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na muuzaji aandike namba ya laptopu, ile iliyo kwenye mfuniko wa chini, pamoja na muda wa kurudisha. Mtumba hata wa wiki mbili za majaribio ni bora kuliko "Mungu akubariki". Mwalimu wa Mafinga aliuliza nani atawajibika, jibu lake ni hiyo karatasi.

Na mvua zimeshaanza. Radi ikianza kupiga huku kwetu, chomoa chaja ukutani kabisa, kuzima swichi peke yake hakutoshi. Laptopu ina betri, itaendelea.

Mama Kihesa

Kijana ameshuka jana. Amekuta 840 G5, i5-8350U, RAM 8GB, SSD 256GB, wanataka 670,000. Ripoti ya betri inasoma 38,000. Windows imewekwa upya mbele yake, haikudai kitu. Ila herufi ya "M" inabidi uibonyeze kwa nguvu, na duka moja mbele kuna T480 ya 690,000 yenye betri ya nje iliyochoka. Nimchukulie ipi?

Mwanachuo Iyunga

G5, mama. Kibodi inabadilishwa, na fani yetu tunabofya mausi kuliko herufi.

Tunduma Mpakani

Mimi ningechukua T480. Betri ya nje inachomolewa na kupachikwa nyingine bila bisibisi, na kibodi yake ni bora. Ila 690,000 ikiwa na betri mbovu, hapana. Ishuke hadi 640,000 au waweke betri nyingine.

Fundi wa Mwanjelwa

Zote zitamfikisha mwaka wa nne. Nenda na G5, kwa sababu betri yake umeshaiona kwa namba na ile nyingine itakudai hela tena mwezi ujao. Lakini usilipe 670,000. Mwambie kijana afungue Word mbele ya muuzaji, aandike "mama mmoja" taratibu, muuzaji aone herufi zinavyokosekana, kisha ataje 610,000. Wakikutana 630,000, achukue. Aje nayo kwangu, mara nyingi "M" ya namna hiyo ni uchafu chini ya kitufe. Hiyo 20,000 inayobaki kwenye laki sita na nusu asinunue begi, anunue flashi ya kuhifadhi nakala za kazi zake.

Mama Kihesa

Ndaga fijo baba. Nimempigia, yuko njiani kurudi dukani.