Naomba ushauri: Nitumie "to" au "-ing" baada ya kitenzi cha Kiingereza?

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu jambo la sarufi ya Kiingereza ambalo limenitatiza kwa muda mrefu, yaani ni lini kitenzi kifuatwe na umbo lenye "to" na ni lini kifuatwe na umbo la "-ing". Nahisi Kiswahili chenyewe kinachangia, kwani kiambishi ku- hubeba kazi zote mbili, hivyo "nataka kusoma" na "nafurahia kusoma" hazinipi dalili yoyote kwamba Kiingereza kitadai "want to read" huku na "enjoy reading" kule.

Hayo ya kukariri nayamudu. Kinachonishinda ni vitenzi vinavyokubali maumbo yote mawili huku maana ikibadilika: "I stopped to smoke" ni kusimama ili kuvuta sigara, ilhali "I stopped smoking" ni kuacha kuvuta, vilevile "remember to lock" huhusu jambo linalosubiri kufanywa, na "remember locking" hurejea lililokwisha kutendwa. Nilianza kuamini kwamba "to" hutazama mbele daima, mpaka "look forward to meeting" (kutazamia kwa hamu kukutana), ambamo "to" inafuatwa na "-ing", iliponivuruga. Je, "to" hiyo ni kihusishi tu, na mnaitambuaje mnapoandika?