Mhamiaji anayetaka mgahawa wake ughaibuni: aanze na mkokoteni, meza ya nyumbani, fremu ya familia au mbia mwenye pesa?

Mpishi wa Zamu aliandika:

Wakuu salama? Huu uzi ni kwa wale walio ugenini, wanapika kwenye majiko ya watu wengine na kichwani wana mgahawa wao. Kila tukigusa hii mada tunaishia kwenye mtaji, mtaji, mtaji, halafu uzi unalala. Mimi naona mtaji ni nusu ya shughuli, nusu nyingine ni unaanzia mlango gani, maana kuna waliofika hawana kitu wakatoboa na kuna waliofika na pesa zao wakafunga mapema sana.

Nilivyofuatilia stori za waliotoboa nimeona milango minne. Kuna wa barabarani, mfano wale Wamisri wa The Halal Guys, walianza 1990 New York kwenye kona ya 53rd Street na 6th Avenue na mkokoteni wa soseji, wakaona madereva teksi Waislamu wanazunguka usiku na hawana pa kula halali, wakabadilisha menyu wakaweka kuku na nyama juu ya wali. Mgahawa wao wa kwanza wenye kuta ulifunguliwa 2014. Yaani zaidi ya miaka 20 wako barabarani kwanza!

Kuna wa nyumbani, Asma Khan, mpishi mzaliwa wa India aliyeko London, alianza 2012 kualika watu wale kwake kwa kulipia, mgahawa wake Darjeeling Express ukaja 2017. Kuna wa familia na mkopo, Andrew Cherng na baba yake ambaye ndiye alikuwa mpishi, walifungua Panda Inn mwaka 1973 Pasadena, California, na miaka kumi baadaye ndio ikazaliwa Panda Express, ile migahawa ya haraka ya chakula cha Kichina. Na kuna wa mbia mwenye pesa, huyo ni mpishi Mjapani Nobu Matsuhisa na mwigizaji wa Hollywood Robert De Niro.

Mimi naegemea mlango wa nyumbani kwa sababu hasara yake ni ndogo, ila nataka nisikie wenzangu, hasa mliowahi kuwa karibu na hizi shughuli. Mtu ana akiba ya wastani, kupika anajua, aingilie wapi?

---

Fundi Hesabu alijibu:

Mkuu umeweka vizuri ila huo mlango wa mkokoteni watu wanauona rahisi kuliko ulivyo. Chukua hiyo hiyo New York, jiji lilifungia idadi ya vibali vya mikokoteni ya chakula toka miaka ya 80, vikabaki kama elfu tatu hivi kwa jiji zima lile, kwa hiyo mhamiaji aliyekuja baadaye hakukuta kibali, akawa anakodi kwa mlango wa nyuma kwa mtu ambaye alikipata zamani na analipa maelfu ya dola kwa kitu ambacho serikali ilikitoa kwa ada ndogo tu. Ilipofika 2021 wakapitisha sheria ya kuongeza leseni mpya 445 kila mwaka kwa miaka kumi, lakini foleni ilikuwa ndefu. Ndio maana nasema mtu asilinganishe bei ya toroli na bei ya fremu, alinganishe bei ya toroli PAMOJA na kibali, mahali pa kulilaza usiku, gesi, na jiko lililosajiliwa la kuandalia chakula maana miji mingi haikuruhusu ukate nyama nyumbani halafu uje uuze barabarani.

Hata hivyo bado naupenda. Kitu kimoja mkokoteni unakupa ambacho fremu haikupi ni kwamba ukikosea eneo unasukuma unaondoka. Ukikosea fremu umesaini miaka mitano.

---

Binti Mwambao alijibu:

Naomba niongelee Nobu kwa kirefu kidogo kwa sababu watu wanamtaja kama mtu aliyeokotwa na tajiri na sivyo kabisa.

Huyu baba alitoka Japani 1973 akiwa na miaka 24 akaenda Lima, Peru, ameitwa na mteja wake Mperu mwenye asili ya Kijapani wafungue pamoja. Mgahawa ukawa na watu, ila wakaja kukosana kwa sababu mbia alitaka kubana gharama za vitu vya kupikia na yeye hakutaka kushusha ubora wa samaki. Akaondoka. Akapita Argentina, akarudi kwao, kisha akaenda Alaska akafungua mgahawa mjini Anchorage, ule ukaungua moto muda mfupi tu baada ya kufunguliwa. Hebu fikiria mtu ana mke na watoto na ameanza upya mara zote hizo. Akaenda Los Angeles akarudi kuwa mwajiriwa, akapikia wengine kwa miaka mingi tu, mpaka 1987 akafungua Matsuhisa pale Beverly Hills, mgahawa mdogo.

De Niro alikuja pale kama mteja, akampenda, akamwambia twende New York. Nobu AKAKATAA. Yaliyomkuta Peru alikuwa hajayasahau. Jamaa akaendelea kuja kula miaka kadhaa mpaka wakaaminiana ndio 1994 mgahawa wa Nobu ukafunguliwa mtaa wa TriBeCa, New York.

Kwa hiyo tofauti ya mbia wa kwanza na wa mwisho naiona hivi, Peru aliingia ana kisu na ujuzi tu, ni mgeni, hana jina, mwenye pesa akisema shusha gharama ana sauti. New York aliingia ana mgahawa wake unaojaa kila siku na hata mazungumzo yakivunjika anarudi jikoni kwake na maisha yanaendelea. Mlango wa mbia ni mzuri sana ila uwe wa mwisho, usiwe wa kwanza.

---

Jikoni Kila Siku alijibu:

Binti Mwambao umenifungua macho, asante dada.

Mimi niongeze kwa upande wa familia. Watu wakisikia Panda Express wanaona mapishi, mimi namuona mke, Peggy Cherng. Yule mama ni mhandisi, ana shahada ya uzamivu kutoka Chuo Kikuu cha Missouri, aliacha kazi yake ya programu za kompyuta akaingia kwenye biashara ya familia mwanzoni mwa miaka ya 80, akaweka kompyuta zifuatilie mauzo na stoo wakati migahawa mingi bado inaandika kwenye daftari. Baba mkwe anapika, mume anaongea na wateja na wenye majengo, mke anashika namba. Na hata ile nafasi ya kwanza kwenye moli ya Glendale 1983 ilitokana na wenye moli kuwa wateja wa Panda Inn, wakakipenda chakula wakawaambia njooni mfungue na kwetu.

Ubaya wa familia ni kwamba nyingi hazina mgawanyo huo. Wote wanapika, hakuna anayejua chakula cha sahani moja kimekula gharama kiasi gani, halafu kwa vile ni ndugu hakuna anayelipwa mshahara na mnadhani mna faida kumbe ni jasho la shangazi na watoto linaloziba pengo. Nimefanya kazi kwenye mgahawa wa hivyo, chakula kizuri mno, wateja wapo, na ulifungwa. Yule shangazi alipoumwa mgongo ikabidi waajiri watu wawili na hapo hapo hesabu ikakataa. Iliniuma sana kwa sababu walikuwa watu wema na wachapakazi.

Kwa hiyo ukichagua huu mlango, kila ndugu aandikiwe mshahara toka siku ya kwanza, hata kama mnakubaliana utalipwa mbele.

---

Msafiri 09 alijibu:

Mbona hakuna aliyegusa viza? Nchi nyingi viza ya kazi inakufunga kwa mwajiri mmoja, ukifungua chako hata kama ni cha kuuza chakula wikiendi tu umevunja masharti na unaweza kurudishwa. Marekani wana ile E-2 ya mwekezaji lakini ni kwa raia wa nchi zenye mkataba nao tu, angalia kwanza kama yako imo. Hili ndilo la kwanza kabla ya mkokoteni wala nini. Muulize mwanasheria wa uhamiaji, usimuulize jamaa wa kijiweni.

---

Fundi Hesabu alijibu:

Msafiri 09 hapo umepiga penyewe.

---

Kalamu ya Pwani alijibu:

Wakuu nawaletea mfano wa zamani ambao unafundisha kuliko hawa wote. Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, India, alifungua Hindoostane Coffee House jijini London mwaka 1810, karibu na Portman Square, mtaa wa wakubwa. Ndio unahesabiwa kuwa mgahawa wa kwanza wa Kihindi Uingereza kumilikiwa na Mhindi. Chakula kilisifiwa, mandhari nzuri. Kufika 1812 amefilisika!

Inaelezwa kwamba wale aliowalenga, Waingereza waliorudi kutoka India na utajiri wao, wengi walikuwa na wapishi wao majumbani, na gharama za mtaa ule hazikumsubiri apate wateja wengine. Alikuwa na kila kitu isipokuwa mtu mwenye njaa. Baadaye akahamia Brighton, akafungua bafu za mvuke na kukanda watu, huko ndiko akapata jina kubwa mpaka akawahudumia wafalme wa Uingereza wawili.

Sasa mrudie yule wa mkokoteni. Hakuwa na mtaa wa wakubwa, alikuwa na dereva teksi mwenye njaa saa nane usiku. Mimi nawaambia milango yote minne inafunguka kwa ufunguo huo huo, kuna mtu ambaye tayari anatafuta chakula chako na hakipati? Kama jibu ni ndio, hata mkokoteni utatosha. Kama jibu ni hapana hata De Niro hatakusaidia.

---

Mpishi wa Zamu aliandika:

Mmenipa vitu vizito. Niseme kwa nini bado naegemea mlango wa nyumbani. Asma Khan hakusomea mapishi, ana shahada ya uzamivu ya sheria kutoka King's College London, kupika alijifunza ukubwani akiwa Uingereza. Alipoanza kulisha watu kwake alikuwa anasaidiwa na wanawake wahamiaji ambao hakuna hata mmoja aliyepita chuo cha mapishi, na jiko lake mpaka leo ni la wanawake hao. Alitoka nyumbani akapewa jiko la baa moja mtaa wa Soho, watu wakamfuata, ndipo fremu ikaja. Kila hatua wateja walikuwa wametangulia.

Na kingine ambacho hakisemwi sana, 2020 alihamia sehemu kubwa zaidi, Covent Garden, 2022 akaiacha, 2023 akarudi Kingly Court pale pale alipofungulia. Mimi hilo nalihesabu kama ushindi, kujua ukubwa wako ni upi.

Ila nakubali nyumbani kuna mipaka yake. Lazima usajiliwe kwa watu wa afya, bima yako ya nyumba inaweza isikutambue, mwenye nyumba anaweza kukataa, na majirani nao wana masikio.

---

Mama Zuhura alijibu:

Wanangu mimi napika kwa oda nyumbani, nimesajiliwa, wateja ninao wa kutosha na jiko limekuwa dogo. Sasa nimepata watu wawili. Mmoja ni kijana mwenye pesa anataka tuingie ubia nusu kwa nusu. Mwingine ana fremu iliyokuwa mgahawa, anadai kilemba halafu kodi kila mwezi. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

---

Binti Mwambao alijibu:

Mama shikamoo. Huyo kijana usimkatae, ila nusu kwa nusu hapana. Wateja ni wako, mapishi ni yako, jina ni lako. Akitaka kuweka pesa iandikwe kama mkopo wenye marejesho au hisa ndogo, na iandikwe wazi kwamba menyu na manunuzi ya jikoni ni uamuzi wako peke yako. Kilichomtoa Nobu Peru ni hicho hicho cha manunuzi.

---

Fundi Hesabu alijibu:

Mama hiyo fremu kama kweli ilikuwa mgahawa kagua vitu kabla hujatoa hata senti ya kilemba. Feni ya kuvuta moshi na bomba lake linatoka mpaka juu ya paa au limeishia ukutani? Kuna kinasa mafuta kwenye maji machafu? Umeme unabeba majiko na friza kwa pamoja? Hivi ndivyo vinavyokula akiba za watu, kuviweka upya inaweza kuzidi kodi ya muda mrefu, na ndio hivyo hivyo vinavyofanya fremu ya mgahawa wa zamani iwe na thamani kuliko fremu tupu. Halafu muulize majirani wa pale kwa nini aliyekuwepo aliondoka. Kwenye mkataba tafuta kifungu cha kutoka mapema, kama hakipo omba kiwekwe, mwaka wa pili hivi uwe na ruhusa ya kuondoka kwa notisi.

Na usifunge oda za nyumbani mpaka fremu ijilipe yenyewe.

---

Jikoni Kila Siku alijibu:

Mama kabla ya kusaini unaweza pia kutafuta jiko la kukodi kwa saa. Miji mingi yapo siku hizi, San Francisco kuna La Cocina toka 2005, wanawapa jiko na mafunzo wapishi wa kipato kidogo, wengi wao wanawake wahamiaji, mpaka wanafungua yao. Ukipata kitu kama hicho karibu yako jiko lako dogo linakuwa limetatuliwa na hujafungwa na mkataba wa mtu.

---

Mama Zuhura alijibu:

Marahaba mwanangu, na asanteni wote. Kijana nimeshamwambia asubiri, hajakasirika, kwa hiyo huenda ni mtu mzuri. La jiko la kukodi naliulizia halmashauri wiki hii. Jumatatu naenda kuiona hiyo fremu na fundi wa umeme, nitaleta mrejesho hapa hapa.