AMEVUNJA KICHWA CHA MANDARINI YANGU AKAFANYA MSWAKI!!! Mnamjua

mama_wa_pipa (Goma):
Niko natetemeka hata vidole havikai kwenye simu. Yule papa, yule mzee mnamjua, sitaji jina, yule wa koti zito hata jua likichoma, hakuna parseli, yaani kiwanja cha mtu, hapa mtaa wa Majengo hajaingia bila hodi. Leo asubuhi ameingia kwetu eti anasalimia, akasimama mbele ya mandarini yangu, mti wa chenza niliopanda kwa mbegu ndani ya pipa, akanyoosha mkono, TAK! akavunja ncha ya juu kabisa, akaitia mdomoni, akaanza kusugua meno. Mbele yangu. Mimi nimeshika sufuria. Kisha akatema ndani ya pipa, juu ya udongo, akasema "Mama, hii ya mbegu haizai, utazeeka bure."

Akatema!! Kwenye udongo nilionunua! Mtu wa Goma anajua udongo ni nini, sisi tunakaa juu ya lava ya volkano ya 2002, ukichimba unakuta jiwe, ukichimba tena unakuta kaka yake. Ule udongo ni gunia 3, uliletwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, nikasukuma nyuma mimi mwenyewe pale kwenye mlima mpaka kitenge kikafunguka.

Na ile mandarini sio ya kuokota sokoni. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka halafu wakatuambia tuhame, tukatembea mpaka mji wa Sake na watoto na godoro kichwani, kuna mama hata hatujuani akawapa watoto wangu mandarini 2. Nikafunga mbegu kwenye kona ya kitenge, nikawa nailowanisha njia nzima, kwa sababu mbegu za hii jamii sio maharagwe, ukizikausha zinakufa. Tuliporudi nikapanda 7 kwenye bido, dumu la mafuta nililokata, nikatoboa chini kwa msumari wa moto, nikatandika vijiwe vya lava maji yapite. Wiki ya 3 zikatoka 5. Mbegu moja ikatoa miche miwili! Wengine wote wakafa, hao wawili nikawatenganisha, mmoja akaliwa na mbuzi, akabaki huyu. HUYU. Nimemhamishia nusu pipa, amepita dirisha. Kila asubuhi natoa viwavi kwa mkono, wale wakiwa wadogo unafikiri ni mavi ya ndege, wakikua wanakuwa kijani, ukimgusa anatoa pembe mbili zinanuka. Miaka 4 nanuka viwavi! Halafu mtu anakuja kusugua meno!

Na msiniambie "litachipuka tu". Mti wa mbegu unahesabu macho yake, pale majani yanapotokea, kutoka chini kwenda juu, mpaka yafike idadi yake ndio utoe ua, na ua la kwanza linakuja kule juu. Ile ncha ndiyo ilikuwa imetangulia. Ndiyo ilikuwa miaka yangu yote 4. Na yeye amebaki na meno 4, yaani kila jino limekula mwaka mmoja. HALAFU AKATEMA.

chukudu_mbio:
Namujua!! Kwetu alikuya kusalimia akaondoka na pilipili zote, akasema zilikuwa zinaanguka. Zilikuwa kijani!

Muzee_wa_Himbi:
Mama pole, lakini miaka 4 bila tunda hata moja? Kusema kweli ule mswaki ndio mavuno yako ya kwanza 😂😂

mama_wa_pipa:
Wewe muzee cheka, siku atakayoingia kwako nitakuja na kiti nikae nitazame.

yaya_Neema_K:
Subiri kwanza. Mandarini ya mbegu si ina miiba mirefu? Haikumchoma?

mama_wa_pipa:
ILIMCHOMA! Kidole! Akanifokea MIMI, eti juu ya nini nafuga miiba mahali watu wanapita. Anapita wapi? Ni nyuma ya jiko langu! Alisema hivyo na kijiti kiko mdomoni, halafu ndio akatema.

fundi_miche:
Mama, huyo papa amekosa mara mbili: amevunja, na amesema uongo eti ya mbegu haizai. Chungwa, limau na mandarini nyingi, mbegu moja inaweza kutoa miche 2 au 3, na mingi yao ni mama yao mtupu, tunda litakuwa lile lile mlilokula Sake. Zinazogeuka ni pomelo na klementini. Kinachosumbua ni muda tu, miaka 5, wengine hata 10. Ile ncha bado unayo? Ilete leo, nitaigrefe, yaani nitaiunganisha kwenye shina la limau lile la ganda la mabonde mabonde, haitaanza kuhesabu upya.

mama_wa_pipa:
Ameitafuna nakwambia!! Ameitafuna mpaka ikawa brashi, akatoka nayo langoni, anapungia watu!

fundi_miche:
Basi kata kijiti kilicho chini kidogo ya pale palipovunjika, macho yake yamekomaa karibu sawa. Funga kwenye kitambaa kibichi. Usingoje kesho.

Muzee_wa_Himbi:
Na asipige mswaki nacho 😂

wa_Kadutu:
Nyinyi wa Goma mnalilia ncha. Huku Bukavu mimi nilikuwa na mlimau mzima, nilipanda mbegu mwenyewe, ulikuwa umeanza kuzaa. Mvua ikashusha kipande cha parseli mpaka kwa jirani wa chini. Mti umesimama! Kwake! Na malimau yake! Naenda kuomba limau moja la chai ananiambia "nunua."

yaya_Neema_K:
Weee! Anakuuzia limau lako?

wa_Kadutu:
Ananiuzia! Na amekwisha kujenga kaukuta kuzunguka.

katangais_07:
Afadhali nyinyi mna mvua. Huku Lubumbashi tangu Mei mpaka Septemba hakuna tone, mimi namwagilia na maji ya kuoshea mchele, na mwenye nyumba anahesabu miti yangu anasema kila mti ni mpangaji.

chukudu_mbio:
Wa Kadutu, udongo ulioshuka ni wako, mti uko ndani ya udongo wako. Peleka kwa shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa.

Muzee_wa_Himbi:
Hapana. Kilichoanguka kwangu ni changu. Avoka ya jirani ikianguka kwangu nairudisha?

yaya_Neema_K:
Avoka haiji na parseli yake muzee!!

mama_wa_pipa:
Jamani tunaongea mswaki hapa. Alitema.

wa_Kadutu:
Shefu wa avenyu ni shemeji yake.

chukudu_mbio:
Aaaah.

katangais_07:
Basi teremka usiku na jembe.

wa_Kadutu:
Ana mbwa.