Toronto: mwenye nyumba kanipandishia kodi dola 450 kwa mkupuo, na sheria inamruhusu!

Wakuu mlioko Toronto na mnaojiandaa kuja, someni hili kabla hamjasaini mkataba wowote.

Napanga chumba na sebule katikati ya jiji, kwenye ghorofa refu la vioo. Sebule hiyohiyo ndiyo jiko. Ukifungua mlango wa oveni, mwenzako hapiti. Nilihamia 2021, kipindi cha korona, fleti zimebaki tupu na wenye nyumba wanatubembeleza. Tukakubaliana dola 1,950 kwa mwezi. Sijawahi kuchelewesha kodi.

Sasa kaniletea fomu ya N2, yaani notisi rasmi ya kupandisha kodi: kuanzia mwezi wa tisa nilipe 2,400! Nikakimbilia sheria, maana jimbo letu la Ontario lina kikomo cha kupandisha kodi, na kwa 2025 kilikuwa asilimia 2.5. Kwangu isingefika hata dola 50. Kumbe kikomo hicho hakinihusu. Serikali ya Doug Ford, waziri mkuu wa jimbo, ilizitoa nje nyumba zote zilizoanza kukaliwa baada ya tarehe 15 Novemba 2018. Mwenye nyumba akishatoa notisi ya siku 90, na asipandishe zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12, basi. Kiasi anajipangia mwenyewe.

Na hapa ndipo damu inaponichemka. Majuzi alinidokeza kwamba mwanawe anataka kuhamia humu. Sawa, mali ni yake. Lakini akinitoa kwa sababu hiyo, sheria inamtaka anipe notisi ya siku 60 na fidia ya kodi ya mwezi mmoja, au anitafutie fleti nyingine ninayoikubali. Akipandisha kodi hadi nishindwe, nahama mwenyewe na yeye hatoi hata senti. Huku ni kufukuzwa!

Nilipomuuliza, akasingizia ada ya jengo imepanda. Ada ya nini, wakati lifti moja imekufa tangu majira ya baridi na tunapanga foleni na mizigo mikononi?

Dalali naye alilisifia sana jengo kwa upya wake. Hakutamka kwamba upya huo ndio unaomvua mpangaji kinga.

Hiyo 2,400 silipi. Notisi yangu ya kuhama naiandika wiki hii. Mwenye kujua chumba na sebule kwenye jengo lililokaliwa kabla ya Novemba 2018, hata kama ni kuukuu, aniandikie pembeni.