Programu ya ofisi inakwama ila spidi ipo: turekebishe MTU, tupange foleni au tuongeze kifurushi?

Mpiga_Hesabu: Wakuu, heshima kwenu. Ofisi yetu iko Morogoro, faiba ya Mbps 20 kwa PPPoE (njia ya kuingia kwa mtoa huduma kwa jina na nywila), ruta ni MikroTik ndogo. Programu ya uhasibu iko kwenye seva Dar, tunaifikia kwa VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti). Kuingia unaingia vizuri, leja ya mteja mmoja inafunguka, ila ukiomba ripoti ya mwezi kiduara kinazunguka mpaka inakata. Mchana simu za video nazo zinakwaruza. Tukipima spidi inasoma karibu 20 ile ile. Bosi anataka tupande Mbps 50, fundi anasema tubadili DNS (inayogeuza majina ya mtandao kuwa anwani). Nipeni ulinganisho kabla hela haijatoka.

waya_mmoja: Usilipe chochote kwanza. Kidogo kinapita, kikubwa kinakwama: hiyo inanuka MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti (kipande kimoja cha data). Ethernet hubeba baiti 1500, PPPoE inakula 8 zinabaki 1492, na VPN inamega tena. Pakiti iliyokatazwa kugawanywa ikifika penye wembamba, ruta hutakiwa kumrudishia mtumaji ujumbe wa ICMP (taarifa za hitilafu za mtandao) kwamba apunguze. Sasa mafundi wengi wanafunga ICMP yote kwenye faiwoli wakidhani ndiyo usalama. Mtumaji hajui kitu, anarudia mzigo ule ule, na programu inangoja. Pima kwenye Windows: `ping -f -l 1464` kwenda anwani ya nje (-f inakataza kugawanya, -l ni ukubwa). Ukijumlisha baiti 28 za vichwa vya pakiti unapata 1492. Kisha rudia kuelekea seva ya Dar, ukipunguza namba hiyo mpaka ipite.

Bi_Swichi: Kwa ripoti nakuunga mkono. Simu za mchana ni ugonjwa mwingine kabisa. Mpiga_Hesabu, angalia pingi (muda wa pakiti kwenda na kurudi) wakati mtu anapakia faili kubwa. Ikiruka kutoka milisekunde chache hadi mamia, bufa (sehemu pakiti zinapongojea) zimejaa na kila pakiti inasubiri nyuma ya mzigo wa mwenzake. Kipimo cha spidi cha kawaida hakikuonyeshi hilo, chenyewe kinajali wingi tu. Dawa ni foleni ya fq_codel au CAKE, zinazogawa zamu ili mzigo mkubwa usizibe mdogo; zote zipo RouterOS 7, mfumo wa ruta za MikroTik. Weka kikomo chini kidogo ya spidi halisi, tuseme Mbps 18, ili foleni ijipange kwenye ruta yako na si kwenye kifaa cha mtoa huduma usichokigusa.

fundi_wa_mtaa: Hapo kuna mtego. FastTrack (njia ya mkato ya MikroTik ya kupunguzia prosesa kazi) ikiwa imewashwa, pakiti zinapita pembeni ya foleni za kawaida. Utapanga CAKE wiki nzima usione tofauti. Ukiizima, prosesa ya ruta inapanda. Ikigonga asilimia 100 umehamisha tatizo tu, na hapo ndipo ruta mpya inakuwa na hoja, si kabla.

Mpiga_Hesabu: Nimepima. Nje 1464 inapita, kuelekea seva imeanza kupita kwenye 1372. Pingi nayo inapaa bakapu inapopanda mtandaoni mchana. Na DNS je?

waya_mmoja: DNS mbovu huchelewesha ukurasa kuanza kufunguka, haikati ripoti katikati. Halafu kama jina la seva yenu linajulikana na DNS ya ndani tu, ukiwaelekeza watu DNS ya umma kama 1.1.1.1 hawataiona kabisa. Waache hapo walipo.

1372 na 28 ni 1400, toa 40 za vichwa vya IP na TCP, kwa hiyo bana MSS (data inayobebwa ndani ya pakiti moja ya TCP) iwe 1360 kwa trafiki ya VPN, kwenye mangle, sehemu ya faiwoli inayobadili pakiti. Ila kubana MSS kunasaidia TCP peke yake. Ruhusu pia ICMP ya aina 3 kodi 4, ule ujumbe wa kupunguza, ipite, pande zote mbili. Mimi nafanya vyote viwili kila mahali.

Mpiga_Hesabu: Ripoti imetoka! Bakapu tumeisogeza usiku, foleni tutaiwasha wikendi. Ila bosi bado ana Mbps 50 yake kichwani.

Bi_Swichi: Muulize kifurushi hicho kinapakia kwa Mbps ngapi, maana vingine vinaongeza kushusha tu. Kama kupakia kunabaki kule kule, bakapu ikiwashwa mchana simu zitakwaruza vile vile. Mtoa huduma akupe namba hiyo kwa maandishi kabla hamjasaini.