Kukoleza sehemu tu ya maandishi ndani ya seli: makro ya Excel, ya Calc, au skripti ya Google Sheets?

KaraniMalaba

Habari zenu wakubwa na wenzangu. Nipo Malaba, upande wa Uganda, kwenye ofisi ndogo ya uwakala wa forodha. Kila asubuhi naandaa orodha ya malori yanayopanda kutoka Mombasa. Safu C ndiyo ya maelezo, na seli moja husomeka hivi (namba ni ya mfano tu):

XYZU1234567, mitumba, robota 550, imezuiwa, yasubiri ukaguzi

Bosi anataka namba ya kontena iwe na herufi nzito na neno "imezuiwa" liwe jekundu, lakini maneno mengine ya seli yabaki kama yalivyo. Nafanya kwa mkono: nabonyeza F2, navuta kipanya juu ya namba, Ctrl+B, halafu naenda kwenye neno la pili, naweka rangi, naingia mstari unaofuata. Mistari ikifika 200, asubuhi imekwisha na madereva wamejaa mlangoni.

Nimejaribu uumbizaji wa masharti, ule wa kubadili rangi kufuatana na kilichomo. Unapaka seli nzima, haujui kushika neno moja. Nimeambiwa dawa ni makro, yaani programu fupi inayokaa ndani ya faili na kufanya kazi hiyo yenyewe. Ofisini kuna kompyuta mbili zenye Excel za zamani kidogo, moja ina LibreOffice (jedwali lake huitwa Calc), na bosi husoma kila kitu kwenye simu. Nianzie wapi?

Fundi_Ntinda

Karibu ssebo. Kwa kuwa kompyuta mbili kati ya tatu zina Excel, anzia hapo. Kitu unachokitafuta kinaitwa Characters. Unakiambia aanzie herufi ya ngapi na achukue ngapi, basi, anashika kipande hicho tu.

Uzuri wa kazi yako ni kwamba namba za kontena zina umbo moja dunia nzima: herufi tatu za mwenyewe, herufi ya nne ambayo kwa makontena ya kawaida ni U, kisha tarakimu saba, ya mwisho ikiwa ya kuhakiki. Jumla 11. Kwa hiyo huhitaji kujua namba yenyewe, unatafuta umbo. Bonyeza Alt+F11 kufungua dirisha la kodi, ingiza moduli mpya, bandika hii:

```
Sub KolezaKontena()
  Dim seli As Range, i As Long, p As Long, maneno As String
  For Each seli In Selection
    If Not seli.HasFormula And VarType(seli.Value) = vbString Then
      maneno = seli.Value
      For i = 1 To Len(maneno) - 10
        If Mid(maneno, i, 11) Like "[A-Z][A-Z][A-Z]U#######" Then
          seli.Characters(i, 11).Font.Bold = True
        End If
      Next i
      p = InStr(1, maneno, "imezuiwa", vbTextCompare)
      Do While p > 0
        seli.Characters(p, 8).Font.Color = vbRed
        p = InStr(p + 8, maneno, "imezuiwa", vbTextCompare)
      Loop
    End If
  Next seli
End Sub
```

Chagua mistari yenye data tu, kisha Alt+F8, endesha. Usichague safu nzima kwa kubofya herufi C juu, maana Excel ina mistari 1,048,576 na makro itaipitia yote.

Kabla hujaendesha, hifadhi nakala. Makro ikishapita, Ctrl+Z haikurudishi nyuma. Na faili lihifadhiwe kama .xlsm, kwa sababu .xlsx haibebi makro.

Mhasibu_Jinja

Naongeza onyo kwa sababu liliniumiza. Usiipate makro hii kwa kurekodi.

Ofisi niliyokuwa zamani, nilifikiri njia ya mkato ni kuwasha kinasa, nikoleze neno moja kwenye seli moja, kisha niirudie makro kwenye seli nyingine zote. Excel hairekodi "koleza herufi kumi na moja za mwanzo" peke yake. Ukiingia ndani ya seli, inarekodi pia maandishi yote ya seli ile, kana kwamba umeyachapa upya. Ndani ya kodi utaona ActiveCell.FormulaR1C1 = ikifuatiwa na maneno yako mwenyewe. Mimi sikufungua kodi kuisoma. Niliiendesha kwenye mistari mingi, na kila mstari ukapokea maelezo ya mteja mmoja. Na kama alivyosema Fundi, Ctrl+Z haikusaidia. Tuliyarudisha kutoka kwenye stakabadhi za karatasi, moja baada ya nyingine, hadi giza likaingia.

Kinasa kinafaa kwa kujifunza majina ya amri. Rekodi, soma, kisha futa ule mstari wa FormulaR1C1 kabla ya kuitumia popote.

KaraniMalaba

Asanteni sana. Makro ya Fundi imefanya kazi kwenye kompyuta yangu. Nilipoituma kwa mwenzangu kwa barua pepe, kwake umetokea mstari mwekundu juu unaosema makro zimezuiwa, na hakuna kitufe cha kuruhusu.

Fundi_Ntinda

Tangu 2022 Microsoft walianza kuzuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti. Afunge faili, alibofye kulia kwenye folda, aingie Properties, aweke alama kwenye Unblock, kisha alifungue tena. Afanye hivyo kwa faili analojua limetoka kwako tu. Makro ni programu kamili, inaweza kufuta mafaili ya mtu.

Kalamu_Arua

Mimi nasimama upande wa LibreOffice. Ni bure, haina leseni ya kuhangaikia, na kwenye kompyuta ya zamani inatembea. Ila usitegemee kodi ya Fundi ifanye kazi kule vilevile, njia ni nyingine. Kwenye Calc unatengeneza kasa (kishale, yaani cursor) ndani ya maandishi ya seli, unaisogeza mpaka mahali, kisha unaivuta kulia huku imeshika herufi:

```
oSeli = ThisComponent.Sheets(0).getCellByPosition(2, 5)
oKasa = oSeli.createTextCursor()
oKasa.gotoStart(False)
oKasa.goRight(mwanzo - 1, False)
oKasa.goRight(11, True)
oKasa.CharWeight = com.sun.star.awt.FontWeight.BOLD
```

False maana yake sogea tu, True maana yake sogea ukiwa umeshika. Ukishaelewa hilo, kodi yote inasomeka. Na hesabu ya seli inaanzia sifuri, safu kwanza kisha mstari, kwa hiyo (2, 5) ni C6. Wengi wanapotea hapo.

Kama makro haiendi kabisa, angalia usalama wa makro kwenye mipangilio. Kiwango cha juu kinakataa makro isiyo na saini. Weka cha kati, kitakuuliza.

Nakiri kuandika kodi ya Calc kunachukua muda zaidi kuliko ya Excel, na mifano ya kuiga ni michache. Mimi ni mwalimu, naitumia kushusha namba za fomula za kemia kwenye orodha za maabara, na nimeizoea.

Binti_Lubaga

Jamani, bosi yuko kwenye simu! Makro za Excel haziendeshwi kwenye Excel ya simu. Ataona rangi zilizowekwa tayari, sawa, lakini akiongeza mstari yeye mwenyewe, hakuna kinachokolezwa mpaka karani afike ofisini.

Google Sheets ina Apps Script, sehemu yake ya kuandikia skripti. Unajenga maandishi yenye mitindo, unayarudisha kwenye seli:

```
var nzito = SpreadsheetApp.newTextStyle().setBold(true).build();
var mpya = seli.getRichTextValue().copy()
  .setTextStyle(mwanzo, mwanzo + 11, nzito).build();
seli.setRichTextValue(mpya);
```

Angalieni lile neno copy. Ukianza na newRichTextValue badala yake, unapata maandishi mapya yasiyo na mitindo ya zamani, na wekundu uliokuwepo unapotea. Huku herufi ya kwanza ni sifuri, wakati Excel ni moja, kwa hiyo ukihamisha kodi usisahau kutoa moja.

Na ukiiweka ndani ya onEdit, inajiendesha yenyewe mtu anapohariri seli, hata akiwa kwenye simu.

Kalamu_Arua

Dada, Malaba mtandao ukikatika asubuhi je? Malori hayasubiri bando.

Binti_Lubaga

Hoja yako ina uzito, mwalimu. Unaweza kuendelea kuandika bila mtandao ukiwa umeandaa faili kabla, lakini skripti inaendeshwa kwenye seva za Google, kwa hiyo mtandao ukikosekana haikolezi chochote. Na kila mwendo mmoja una kikomo cha dakika 6. Mistari 200 haifiki huko ukiichakata kwa pamoja kwa setRichTextValues. Ukienda seli moja moja utaona inavyoburuta.

MamaKahawa_Mbale

Nimesoma yote, na shikamoo kwa walionitangulia. Mimi naweka hesabu za ghala la kahawa hapa Mbale, na swali langu kwa KaraniMalaba ni hili: kwa nini namba ya kontena, mzigo na hali vinakaa kwenye seli moja?

Nauliza kwa sababu nilikuwa na ugonjwa huo huo. Seli moja ilibeba jina la mkulima, aina ya kahawa, kilo na unyevu. Nikawa napaka unyevu rangi nyekundu ukizidi, na karatasi ilipendeza kweli. Siku mnunuzi aliponiuliza ni magunia mangapi yamezidi unyevu, sikuwa na jibu. Fomula haisomi rangi. SUMIFS, ile ya kujumlisha kwa masharti, haijui nyekundu. Ilibidi nihesabu kwa kidole kwenye skrini, mnunuzi amekaa mbele yangu.

Nikavunja seli: mkulima safu yake, aina safu yake, kilo safu yake, unyevu safu yake. Sasa namba ya unyevu ikizidi, uumbizaji wa masharti unaipaka yenyewe, kwa sababu seli nzima ndiyo ninayoitaka. Makro sikuihitaji tena. Wewe pia, namba za kontena zikiwa na safu yake, COUNTIF itakuambia mara moja kama kontena moja limeandikwa mara mbili. Kwa wakala wa forodha hilo ni kubwa kuliko herufi nzito.

KaraniMalaba

Mama, umenigusa. Kontena kuandikwa mara mbili limeshatokea. Lakini karatasi inayobandikwa ukutani lazima iwe na maelezo kwenye mstari mmoja, watu wa yadi wamezoea kuisoma hivyo. Nikiunganisha safu kwa fomula, =B2&", "&C2&", "&D2, je, naweza kukoleza kipande?

Fundi_Ntinda

Hapana. Seli yenye fomula haikubali mitindo miwili ndani yake, iwe Excel au Sheets. Ndiyo maana kwenye kodi yangu niliweka HasFormula ili iziruke. Namba tupu nazo ni hivyohivyo, lazima kiwe maandishi.

Lakini Mama Kahawa amenifanya niione kazi hii upya, na naona jibu langu la kwanza lilikuwa la kuzunguka. Weka data kwenye laha la "Malori", kila kitu na safu yake. Makro ndiyo iunganishe, iandike matokeo kama maandishi kwenye laha la "Chapa". Ikiunganisha yenyewe, haina haja ya kutafuta chochote. Inajua namba ya kontena inaanzia herufi ya 1 na ina urefu gani, na inajua hali inaanzia wapi, kwa sababu yenyewe ndiyo iliyoviweka pale. Moyo wa makro ni huu:

```
With chapa.Cells(m, 1)
  .Value = kontena & ", " & mzigo & ", " & hali
  .Characters(1, Len(kontena)).Font.Bold = True
  If hali = "imezuiwa" Then
    .Characters(Len(kontena) + Len(mzigo) + 5, Len(hali)).Font.Color = vbRed
  End If
End With
```

Ile 5 ni mikato miwili na nafasi zake, yaani herufi nne, na moja ya kuingia kwenye herufi ya kwanza ya hali. Hata mtu akikosea namba ya kontena ikawa na tarakimu sita, bado itakolezwa, jambo ambalo makro ya kwanza isingeweza.

Mhasibu_Jinja

Hii ndiyo. Na asili haiguswi kabisa. Laha la Chapa likiharibika unalifuta, unaendesha tena.

KaraniMalaba

Narudi na habari. Siku ya kwanza ilitoka safi, mistari 187 kabla chai haijapoa. Siku ya pili kila seli imekolezwa nzima, kuanzia kontena hadi mwisho. Kodi sijaigusa.

Fundi_Ntinda

Hukusafisha laha la Chapa kabla ya kuandika. Ukibandika thamani mpya juu ya seli yenye mitindo mchanganyiko, Excel inachukua mtindo wa herufi ya kwanza na kuusambaza kote. Herufi yako ya kwanza ilikuwa nzito tangu jana. Ctrl+H nayo ina tabia hiyo, ukibadilisha neno ndani ya seli za namna hii rangi zinaharibika. Weka chapa.Cells.Clear kabla ya mzunguko kuanza.

KaraniMalaba

Imekubali, Mungu akubariki. Nimebadili kitu kimoja zaidi: printa yetu ni ya wino mweusi tu, wekundu ulitoka kijivu na haukuonekana kutoka mbali. Kwa hiyo "imezuiwa" sasa inapigiwa mstari chini na kukolezwa, Font.Underline = True, na wekundu nimeuacha kwa ajili ya bosi anayesoma kwenye simu. Laha lenyewe la Malori nimelifanyia COUNTIF kama alivyosema Mama. Leo asubuhi limenionyesha kontena moja lililoandikwa mara mbili, na lori lilikuwa bado halijafika getini.