Fundi wa kujitegemea: manuali za PABX na mafunzo nipate wapi?

FundiLaini_Kisauni

Assalam aleikum wadau, na kwa wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni fundi wa mitambo ya simu hapa Mombasa. Nilifanya kazi miaka 8 kwenye kampuni iliyokuwa ikifunga PABX (mitambo ya simu za ndani) mahotelini na maofisini. Kampuni ilipofunga kitengo cha simu nikabaki na krone yangu (kifaa cha kusukumia nyaya), simu ya kupimia laini, laptopu, na wateja wanaonijua kwa sura. Huu ni mwaka wa tatu najitegemea. Kazi ipo, alhamdulillahi. Kinachonibana ni maarifa ya kwenye karatasi. Nikiwa kampuni, manuali zilikuwa kabatini na kozi tulipelekwa. Siku niliyotoka, vyote vilibaki ndani.

Niwape mfano wa wiki hii. Hoteli moja ya Diani ina Panasonic KX-TDA200, imefungwa zamani na fundi ambaye siku hizi hayuko nchini. Mvua za masika zilipoanza, simu za ghorofa ya pili zikawa zinakwaruza, kisha zikanyamaza moja baada ya nyingine. Kufika Jumatatu vyumba vilivyonyamaza ni 16. Nikavuka feri ya Likoni na begi langu. Kufungua kabati, taa ya RUN ya kadi kuu inawaka kijani, kadi tatu za SLC16 (kadi za laini za vyumbani) zimepangana, na mbele yake shada la kebo nene limefungwa kamba moja na kujaa vumbi. Meneja kashaambiwa na watu waliotangulia kwamba mtambo umekufa, anunue mpya. Mimi sikukubali, kwa sababu vyumba vingine vyote vinapiga na kupokea vizuri.

Nikaunganisha laptopu niingie kwa Maintenance Console (programu ya kupangia mtambo). Paswadi ya kiwandani, 1234, inakataa. Ilibadilishwa na haikuandikwa popote. Basi nikasimama mbele ya kabati lile jasho linanitoka, binti wa mapokezi anakuja kila mara "Fundi, vipi?", na mimi sina hata ukurasa mmoja wa kunionyesha pini ipi ya kontakti inakwenda bandari ipi (yaani laini ipi ya kadi).

Nikampigia muuzaji mmoja. Swali la kwanza: wewe ni wakala uliyesajiliwa? Kusikia hapana, maongezi yakaishia hapo. Jioni nikalipia manuali kwenye tovuti moja, nikaletewa kijitabu cha mgeni wa hoteli: jinsi ya kushika simu na jinsi ya kuhamisha simu. Iliniuma, si kwa zile pesa, bali kwa sababu mtengenezaji aliandika maelezo yote ninayohitaji na yapo mahali fulani.

Naomba mnisaidie. Manuali za kweli za fundi, za mitambo ya zamani, mnazipata wapi? Mafunzo je, yapo ambayo mtu asiye wakala anaweza kuingia? Na hii hoteli nifanyeje? Nimemwambia meneja anipe hadi Ijumaa.

---

MzeeWaMDF

Wa aleikum salaam mwanangu. Pole kwa jasho la Diani, nalijua.

Nianze na hoteli maana ina tarehe. Umesema vyumba 16 na umesema kadi ni SLC16. Kadi hiyo ina bandari 16. Mtambo ukifa haufi kwa hesabu ya kadi moja kamili. Tatizo liko kwenye kadi ile, au kwenye nafasi iliyochomekwa, au kwenye kebo inayotoka mbele yake. Paswadi huihitaji ili kujua ni lipi kati ya matatu hayo.

Omba ruhusa ya usiku. Zima mtambo. Toa kadi ya SD iliyo kwenye kadi kuu, nakili kila kilichomo kwenye laptopu, rudisha. Faili la DMSYS ndilo lenye mpangilio wote wa hoteli ile, ulinde. Kisha badilishana SLC16 mbili: ile ya vyumba vilivyonyamaza na jirani yake, kebo ziache kila moja kwenye nafasi yake. Ni kadi za aina moja, kwa hiyo mpangilio haubadiliki. Washa. Ukimya ukihama vyumba, kadi ndiyo mbovu. Ukibaki vyumba vilevile, iache kadi, shuka na kebo.

Na sikiliza hili kwa masikio yote mawili. Atatokea mtu akwambie kuna swichi ndogo kwenye kadi kuu imeandikwa SYSTEM INITIALIZE, isogeze, bonyeza reset, paswadi itarudi 1234. Ni kweli itarudi. Na majina ya vyumba, vizuizi vya simu za nje, mpangilio wa mapokezi, kila kitu kitafutika. Nimeona hoteli ya vyumba zaidi ya mia ikiamka asubuhi chumba 101 kinaita jikoni. Usiiguse swichi hiyo kama huna nakala mkononi na muda wa siku nzima.

Sasa manuali. Mimi nilisomea KCCT Mbagathi, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Multimedia, nikatumikia shirika la posta na simu (KPTC) hadi lilipogawanywa mwaka 1999. Tulichofundishwa kwanza ni kujua kwamba hakuna kitu kinaitwa "manuali" kwa umoja. Panasonic ya TDA ina Installation Manual, ina PC Programming Manual, ina PT Programming Manual, ina Feature Guide, na ina User Manual. Ulichouziwa ni hicho cha mwisho. Mchoro wa pini uko kwenye Installation Manual. Ukitafuta mtandaoni andika namba ya modeli pamoja na jina kamili la kitabu, kama lilivyo, kwa Kiingereza chake. Ukiandika tu "manual" utapata cha mgeni kila mara. Halafu soma jalada: kuna toleo la programu limeandikwa pale. Kitabu cha toleo jipya kitakutajia menyu ambayo mtambo wako hauna, utadhani umekosea wewe.

Mtengenezaji akiondoka sokoni, uliza nani amerithi nyumba. Nortel ilifilisika 2009, kitengo chake cha maofisini kikachukuliwa na Avaya, na vitabu vingi vya mitambo yake ya Meridian na Norstar vikahamia huko. Mitambo ya HiPath ya Siemens ikawa ya Unify, na Unify ikanunuliwa na Mitel mwaka 2023. Kurasa zilizofutwa jaribu kuzifungua kwa Wayback Machine ya Internet Archive. Bandika anwani ya zamani ya ukurasa wa vipakuliwa, rudi nyuma miaka kumi. Mara nyingi PDF bado imo.

Chochote utakachopata kihifadhi kwako siku hiyohiyo.

---

Dada_SIP (Dar es Salaam)

Habari kaka. Mzee kamaliza upande wa shaba (simu za nyaya), mimi niseme upande wa mafunzo.

Mlango wa wakala umefungwa zaidi kwenye mitambo ya zamani. Kwenye simu za IP (zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta) hali ni tofauti, kwa sababu wanaotengeneza wanataka mafundi wengi wanaoijua bidhaa yao. Grandstream na 3CX wana kozi za mtandaoni bila ada zenye mitihani, na Cisco Networking Academy ina kozi za msingi za mitandao. Anza na mitandao hata kama unaona unaijua. Nilikuja kutoka simu za analogi kama wewe, na kilichonichelewesha mwaka mzima haikuwa simu, ilikuwa ni kutoelewa VLAN (kugawa mtandao mmoja kuwa midogo) na NAT (ruta kubadilisha anwani za ndani kuwa za nje). Mteja anasema "nasikia yeye hanisikii", mimi nabadilisha simu tatu, kumbe sauti inagonga kwenye ruta.

Kozi peke yake haitoshi. Tengeneza maabara nyumbani. Asterisk ni programu huria ya PABX, Mark Spencer aliianzisha mwaka 1999, inakaa kwenye kompyuta yoyote kuukuu. Tafuta simu mbili za IP za mtumba na ATA moja (kifaa cha kuunganisha simu ya analogi kwenye mtandao) uchomeke simu ya kawaida. Weka Wireshark (programu ya kutazama data inayopita mtandaoni), piga simu kutoka moja kwenda nyingine, kisha tazama ujumbe wa SIP (lugha ya kuanzisha na kukata simu za IP) mmoja mmoja: INVITE inatoka, 100 Trying, 180 Ringing, 200 OK, ACK. Ukikata, BYE. Fanya hivyo mpaka uweze kuusimulia mwenendo huo bila kutazama skrini. Waraka wa SIP wenyewe ni RFC 3261 wa mwaka 2002, unapatikana bure kwa kila mtu. Haukuulizi kama wewe ni wakala. Mimi nimeuchapa na kuujaza kalamu nyekundu.

Jambo moja nakuomba usilichukulie kirahisi: usalama. Kuna ofisi nilifungiwa mlango kwa wiki mbili kwa kosa ambalo fundi wa kabla yangu alilifanya, ekstensheni 100 yenye paswadi 100, na bandari 5060 (mlango wa SIP mtandaoni) iko wazi kwa dunia nzima. Wezi waliingia Ijumaa usiku wakapiga nje ya nchi mpaka Jumatatu asubuhi. Bili ile nimeiona kwa macho yangu, na yule mama mwenye ofisi alilia mbele yangu. Simu za kimataifa zifungwe kwa asiyezihitaji, paswadi ziwe ndefu, na anayetaka kuunganisha kutoka nje apite VPN (njia iliyofichwa ndani ya mtandao).

---

KamaKawaida_Nakuru

Mimi ni mfupi. Kwa Kenya, hakikisha una leseni ya mkandarasi wa mawasiliano kutoka Communications Authority, kwa sababu hoteli kubwa na benki wanaiomba kabla hata ya kukuuliza bei. Na hizo tovuti za kuuza manuali, ukiletewa faili la .exe badala ya PDF, futa hapohapo. Laptopu yangu ilikufa hivyo ikiwa na data ya wateja wanne.

---

FundiLaini_Kisauni

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nawaletea majibu.

Alhamisi usiku, saa tano na nusu, meneja alinipa ruhusa. Nikazima, nikanakili SD mara mbili, moja laptopu na moja kwenye flash ambayo nimemwachia meneja mwenyewe ndani ya bahasha. Nikabadilishana kadi, nikawasha, nikakaa sakafuni kungoja taa. Nikapiga 214. Kimya. 215, kimya. Vyumba vilevile! Kadi nzima kabisa.

Nikakata ile kamba iliyofunga shada la kebo, na hapo nikaona kile ambacho siku ya kwanza kilikuwa kimefichwa. Kontakti ya amphenol (ile ya pini nyingi kwenye ncha ya kebo) ya nafasi ile, kishikizo chake kilikatika zamani. Uzito wa kebo ulikuwa umeivuta upande wa chini, ikabaki imening'inia kwa ncha ya juu, ukiitazama kwa mbele unaona imekaa. Nilipoichomoa, meno yake yalikuwa na ule ukijani wa chumvi, kama senti ya shaba iliyotupwa ufuoni. Chumba cha mtambo kiko nyuma ya jiko, dirisha linaangalia bahari na kioo kimoja hakipo. Nikasafisha jino moja moja kwa dawa ya kontakti na brashi laini, nikairudisha, nikaifunga kwa kamba mpya juu na chini. Nikapiga 214. Ikalia. Mlinzi wa ghorofa aliipokea, "Haloo?", nikashindwa kusema neno kwa furaha.

Vyumba 15 vimerudi. Kimoja, 209, kina tatizo lake kwenye krone (kiungio cha nyaya ukutani), hicho nitakimaliza mchana. Meneja alikuwa ameshapewa bei ya mtambo mpya.

Installation Manual nimeipata kama ulivyosema mzee, kwa jina lake kamili, na kurasa za pini nimezichapa na kuzibandika ndani ya mlango wa kabati. Paswadi bado siijui. Sitaigusa swichi. Nimeanza kuandika kila chumba na ekstensheni yake kwenye daftari, na nimemwomba meneja anitafutie namba ya yule fundi aliyehama.

Dada, nimeingia kozi ya kwanza jana. Simu mbili za mtumba nimeziona dukani Marikiti, nangoja malipo ya hoteli.

Mzee, swali dogo tu. Malindi kuna mteja mwenye HiPath 3800, na programu yake ya kupangia, Manager E, nimeikosa kila mahali. Nianzie wapi?

---

MzeeWaMDF

Hongera mwanangu. Kioo cha dirisha waambie wakiweke kabla ya kusi kuanza kuvuma, la sivyo mtaonana tena mwakani.

Ya HiPath usiitafute popote mpaka ujue toleo la mtambo wenyewe, kwa sababu Manager E lazima ilingane nalo. Nenda Malindi kwanza, piga picha kibandiko cha kadi kuu na kila kadi iliyomo, nitumie hapa. Nina sanduku la CD za zamani, nitalifungua Jumapili.